Nakala kamili ya mtu si mtu yuleyule: jibu kwa msomaji aliyezaliwa pacha

Msomaji mmoja wa kike kutoka Shinyanga, aliyejitambulisha kwa jina lake la uzawa tu, yaani Kulwa, ameniandikia hivi:

"Mimi na Doto wangu tulizaliwa mapacha wa kufanana kabisa, hata shangazi zetu walikuwa wakitukosea majina. Miaka mitatu iliyopita Doto alifariki kwa maradhi. Msibani watu wengi waliniambia kwamba Doto hajafa maadamu mimi nipo, na bibi yetu, ambaye sasa ni mzee sana, huniita Doto nami huitika. Hivi karibuni nimesoma kwamba wapo wanaoamini kuwa siku moja mtu ataweza kunakiliwa chembe kwa chembe, pamoja na kumbukumbu zake zote. Tangu hapo silali vizuri. Kama Doto angenakiliwa kabla ya kuugua, angekuwa hai leo? Na kama mimi ningenakiliwa nikiwa usingizini, tukaamka wawili chumbani, mimi ningekuwa yupi? Ningeona kwa macho manne? Na je, ninamdanganya bibi ninapoitika?"

Ndugu yangu Kulwa,

Pole kwa msiba, na pole zaidi kwa sababu umeombwa uubebe kwa namna ambayo wafiwa wengine hawaombwi: umeombwa uwe yule uliyemzika. Nimefundisha somo la falsafa ya nafsi kwa miaka mingi, na swali la nakala huwa nalileta darasani kama zoezi la akili. Barua yako imenikumbusha kwamba si zoezi.

Nianze na jibu lenyewe, kisha nikueleze njia niliyopita kulifikia. Usingeona kwa macho manne. Wangeamka watu wawili, kila mmoja na macho yake mawili na fahamu yake peke yake, na kila mmoja angeamini kwa moyo wote kwamba ndiye aliyelala jana. Nakala ya Doto, hata angekuwa kamili kiasi gani, angekuwa mtu halisi anayestahili kupendwa, lakini asingekuwa Doto. Sehemu ya kwanza ya jibu hili nina hakika nayo. Sehemu ya pili ni hukumu yangu baada ya kuzipima hoja, na wapo wanafalsafa wakubwa wasiokubaliana nami. Nitakueleza hoja zao bila kuzipunguza nguvu.

Kiswahili chenyewe kinatupa mahali pazuri pa kuanzia. Tukisema watu wawili wamefanana kama shilingi kwa ya pili, tunataja kufanana kwao, wala hakuna anayedhani kwamba shilingi mbili zinazofanana ni shilingi moja. Ukiidondosha moja kisimani, unabaki na moja mkononi. Lakini tukisema "huyu ni yuleyule aliyekuja jana", hatuzungumzii kufanana hata kidogo: anaweza kuwa amenyoa nywele, amekonda, amebadili nguo na hata sauti imemkauka, na bado akawa ni yuleyule. Kufanana kuna viwango, kwa hiyo mtu anaweza kufanana na mwenziwe kidogo, sana, au kupita kiasi. Kuwa yuleyule hakuna viwango. Watu waliokufariji msibani walichanganya mambo haya mawili kwa nia njema, na wanaosema kwamba nakala kamili ni mtu yuleyule kwa sababu tu ni kamili wanayachanganya pia, ingawa wao hufanya hivyo kwa lugha ya kisayansi zaidi.

Ni kweli kwamba pacha si nakala ya aina unayouliza. Mapacha wa kufanana hutokana na kiinitete kimoja kinachogawanyika katika wiki mbili za mwanzo hivi baada ya mimba kutungwa. Huanza na urithi uleule wa jeni, lakini ubongo wa kila mmoja hujengwa na mambo yake mwenyewe, tangu namna alivyolala tumboni hadi maneno aliyoambiwa na mwalimu wa darasa la kwanza. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Dolly, kondoo aliyezaliwa tarehe 5 Julai 1996 katika Taasisi ya Roslin huko Scotland kutokana na seli ya kiwele cha kondoo mwingine mzima: jeni zilinakiliwa, maisha hayakunakiliwa, na hakuna aliyedai kwamba yule kondoo aliyetoa seli ameendelea kuishi ndani ya Dolly. Mashine unayoiwazia ingenakili vyote viwili. Ingeleta makovu ya Doto, kicheko chake, na kumbukumbu ya siku mliyopotea njia mkitoka shule. Kwa hiyo siwezi kukujibu kwa kusema tu kwamba mapacha si mtu mmoja. Lazima nikuonyeshe kwamba hata kumbukumbu zikiongezwa, bado kuna kitu hakipatikani.

Aliyeipa kumbukumbu uzito huo ni Mwingereza John Locke, katika sura aliyoiongeza kwenye toleo la pili la kitabu chake kikubwa, mwaka 1694. Alitaka tumwazie mwana wa mfalme ambaye nafsi yake, pamoja na fahamu ya maisha yake yote yaliyopita, inaingia katika mwili wa fundi viatu. Watu wa mtaani wangemwona fundi viatu yuleyule, lakini mwenyewe angekuwa mwana wa mfalme, na ndiye angewajibika kwa yale tu aliyoyatenda mwana wa mfalme. Locke akahitimisha kwamba mtu hufika nyuma hadi pale fahamu yake inapofika. Ni fikra yenye mvuto mkubwa, nami kila ninapoifundisha naona nyuso za wanafunzi zikikubali kabla sijamaliza.

Ni Thomas Reid wa Scotland aliyeitikisa. Mwaka 1785 aliandika habari ya ofisa shujaa ambaye utotoni alichapwa kwa kuiba matunda shambani, ujanani aliteka bendera ya adui vitani, na uzeeni akawa jenerali. Alipoiteka bendera alikumbuka kuchapwa. Alipokuwa jenerali aliikumbuka bendera, lakini habari ya kuchapwa ilikuwa imemtoka kabisa. Kwa kipimo cha kumbukumbu, jenerali ni yule ofisa, na ofisa ni yule mtoto, lakini jenerali si yule mtoto, jambo lisilowezekana. Reid huyohuyo, miaka kumi kabla, yaani 1775, alikuwa amemwandikia rafiki yake Lord Kames barua yenye swali ambalo kwa kweli ni lako: kama ubongo wake ungevunjika, kisha baada ya karne kadhaa malighafi ileile ikafinyangwa upya ikawa kiumbe chenye akili, kiumbe hicho kingekuwa yeye? Na kama vingefinyangwa viwili au vitatu kutokana na ubongo wake, vyote vingekuwa yeye? Wakati huo hapakuwa na kompyuta wala umeme majumbani. Swali hili halikuzaliwa na mashine, na ndiyo maana siamini kwamba mashine zitalimaliza.

Sasa tuingie chumbani mwako. Umelala. Mashine imeusoma mwili wako wote, na kando ya kitanda chako imejenga mwili mwingine, seli kwa seli, bila kukugusa. Kunapambazuka, wanaamka wanawake wawili, mmoja upande wa dirisha ulikolala wewe, mwingine upande wa mlango. Katika sekunde ya kwanza, kabla macho hayajafumbuka, huenda mawazo yao yakawa sawasawa neno kwa neno. Kisha mmoja anaona mwanga wa dirishani na mwingine anaona khanga iliyotundikwa mlangoni, na tangu hapo njia zao zimeachana. Mchome sindano wa dirishani: wa mlangoni atashtuka kwa kuona, labda atauma meno kwa huruma, lakini maumivu hatayahisi.

Kwa nini nina hakika? Kwa sababu tunajua kwa kiasi fulani ni nini kinachoziunganisha fahamu za mtu mmoja, na si kufanana. Nusu mbili za ubongo wako zinawasiliana kupitia daraja la nyuzi za neva zipatazo milioni 200. Kuanzia miaka ya 1960, Roger Sperry na wenzake huko California walichunguza wagonjwa waliokuwa wamekatwa daraja hilo ili kupunguza kifafa kikali, kazi iliyomletea Sperry Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Mgonjwa akionyeshwa picha upande wa kushoto tu wa macho yake, habari hiyo hufika nusu ya kulia ya ubongo; mdomo, ambao kwa watu wengi hutawaliwa na nusu ya kushoto, husema haukuona kitu, huku mkono wa kushoto ukikichagua mezani kile kitu kilichokuwa pichani. Mambo haya hutokea ndani ya fuvu moja, kwa mtu mmoja mwenye historia moja, na sababu yake ni kukatika kwa daraja. Ikiwa nusu mbili zilizokua pamoja maisha yote haziwezi kupeana zilichokiona pale daraja linapokatwa, basi miili miwili ambayo haijawahi kuwa na daraja haiwezi kushiriki mwono mmoja kwa sababu ya kufanana tu. Taa inaweza kuwashwa kwa mwali wa taa nyingine, zikaangaza kwa mwanga wa aina moja, lakini ukizima moja nyingine haipepesuki.

Umeuliza, "mimi ningekuwa yupi?" Swali hili linaogopesha kwa sababu linakufanya uione fahamu yako kama punje iliyofichwa chini ya kimoja kati ya vikombe viwili, ukangoja asubuhi uone imeangukia wapi. Hakuna punje ya namna hiyo inayopigiwa kura usiku. Mwanamke aliyelala upande wa dirisha ataamka upande wa dirisha, kama anavyoamka kila siku, kwa kuwa hakuna kilichomtokea. Wa mlangoni ameanza kuwapo usiku huo, akiwa na kumbukumbu za maisha ambayo hakuyaishi yeye. Anaposema "mimi", anajitaja yeye mwenyewe, na yuko sahihi. Anaposema "mimi nilizaliwa Shinyanga", anakosea bila hatia yoyote. Lakini hapa kuna uchungu ambao sitaki kuupitia haraka. Yeye hawezi kuligundua kosa hilo kwa kujitazama ndani. Angelazimika kuuliza kitanda kilikuwa wapi. Hata wewe unayesoma sasa, ukijitazama ndani tu, huna kumbukumbu yoyote inayoweza kukuhakikishia kwamba hukuanza kuwapo jana usiku. Unachokitegemea ni ushahidi wa nje, wa watu, vitu na miili isiyokatika. Watu wengi husikia jambo hili wakaona kama ardhi imetikisika chini yao. Mimi naliona kama ushahidi kwamba kuwa yuleyule hakukai ndani ya kumbukumbu, kwani kama kungekuwa humo, kumbukumbu zingetosha kukuonyesha.

Tofauti ingekuwepo kama mashine isingekuacha kitandani, bali ingekugawa katikati sawasawa na kukamilisha kila nusu. Hapo ningesema hakuna kati ya wawili hao aliye wewe, ijapokuwa wote wawili wametoka kwako. Mfano wake ni nyinyi wenyewe: kiinitete kimoja kiligawanyika, na hakuna maana kuuliza ni yupi kati yenu aliyekuwa kile kiinitete, Kulwa au Doto. Mmarekani David Lewis alipendekeza mwaka 1976 kwamba katika hali kama hiyo watu walikuwa wawili tangu mwanzo, mithili ya barabara mbili zinazotumia daraja moja kabla ya kuachana. Hesabu inakaa sawa kwa njia hiyo, lakini sijawahi kumwona mtu aliyetulizwa nayo.

Sasa niifikie sehemu ngumu, ambayo ndiyo inayomhusu Doto. Tuseme aliyenakiliwa anaangamia na nakala anabaki peke yake. Hakuna tena wa dirishani wa kushindana naye. Je, kubaki peke yake hakumfanyi awe yeye? Wengi hujibu ndiyo, na hoja iliyonizuia mimi kujibu hivyo ni ya mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams, aliyoiandika katikati ya miaka ya 1950. Alitaka tumwazie mtu wa siku zetu, Charles, anayezinduka na kumbukumbu zote za Guy Fawkes, yule aliyeshiriki njama ya kulipua Bunge la Uingereza mwaka 1605. Tungeshawishika kusema kwamba Charles ndiye Guy Fawkes. Lakini ikiwa jambo hilo lingeweza kumtokea Charles, lingeweza kumtokea pia ndugu yake Robert. Wote wawili hawawezi kuwa Guy Fawkes, kwani wangekuwa mtu mmoja. Na haiwezekani kwamba Charles ni Guy Fawkes au si Guy Fawkes kutegemea kama kuna Robert mahali fulani ambaye Charles hata hamjui. Kuwa kwangu mimi ni jambo langu na historia yangu. Haliwezi kuamuliwa na idadi ya watu waliotokea mji mwingine. Kwa hiyo yule aliyejengwa na mashine hawezi kugeuka Doto kwa sababu tu Doto hayupo tena. Kama si yeye Doto akiwa hai, si yeye Doto akifa.

Aliyeijibu hoja hii kwa uaminifu mkubwa kuliko wote ni Derek Parfit, mfalsafa wa Oxford aliyefariki Januari 2017. Katika kitabu chake cha 1984 alieleza mashine inayousoma mwili duniani, inauharibu, na kujenga mwingine sayari ya Mars. Kisha mashine mpya zaidi inayojenga wa Mars bila kumwondoa wa duniani, ambaye anaambiwa kwamba moyo wake umedhurika na atakufa baada ya siku chache. Parfit alikubali kwamba hatuwezi kusema wa Mars ni yuleyule. Jibu lake lilikuwa la kushangaza: basi kuwa yuleyule si jambo tunalopaswa kulijali. Kilicho na thamani ni kuendelea kwa kumbukumbu, nia, upendo na tabia, na hivyo vyote vimefika Mars salama; kufa huku nakala wako anaishi ni karibu sawa na kuendelea kuishi. Aliandika kwamba alipoiamini fikra hii, alihisi kuta zilizomtenga na watu wengine zimeondoka, na kifo chake mwenyewe hakikumtisha kama zamani. Siibezi faraja hiyo. Ilikuwa faraja ya mtu aliyefikiri kwa bidii maisha yake yote.

Hata hivyo sikubaliani naye, na sababu yangu ni yule mtu wa duniani. Mweke mbele yako, ameketi kitini, ameambiwa ana siku nne. Mwambie kwamba hana haja ya kuhuzunika kwa sababu yuko mwingine Mars anayempenda mke wake kama yeye na atakayekimaliza kitabu chake. Atafurahi kwa ajili ya mke na kitabu, pengine kwa dhati. Lakini siku nne zikiisha ni yeye atakayeacha kuona, kusikia na kuhisi, na hakuna tukio lolote Mars litakalobadilisha hilo. Parfit ametueleza vizuri sana kile ambacho walimwengu hawatakipoteza. Alichokipita juu juu ni kile atakachokipoteza mhusika.

Utaniuliza, na una haki: je, mwili wangu si unabadilika pia? Kwani mimi mwenyewe si nakala ya mtoto niliyekuwa? Fundi wa jahazi pale Lamu hubadilisha ubao mmoja mwaka huu na mwingine mwaka ujao, hadi baada ya miaka mingi hakuna ubao wa awali, na bado wenyewe hulitaja jahazi kwa jina lake. Mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes, mwaka 1655, aliongeza fundo katika mfano wa zamani wa aina hii: mtu akiziokota mbao zote kuukuu na kuunda chombo kingine, kipi ndicho chenyewe? Kuhusu mwili wa mtu, maneno yanayosambaa kwamba kila baada ya miaka 7 tunakuwa wapya kabisa si ya kweli. Watafiti wa Stockholm walitumia kaboni iliyoenea angani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 kupima umri wa seli, wakaona kwamba nyuroni, yaani seli za neva, za gamba la ubongo wa mtu mzima zina umri karibu sawa na wake mwenyewe. Kinachobadilishwa ni sehemu nyingi za ndani ya seli hizo, kidogo kidogo, huku seli ikiendelea na kazi. Hakuna wakati wowote ambapo ubongo wako ulibomolewa na mwingine kujengwa kwa kufuata ramani yake. Jahazi lililokarabatiwa likiwa majini ni lilelile. Jahazi lililoundwa upya mahali pengine kwa vipimo vya lile lililoungua ni jingine, hata likipewa jina lile.

Kuna jambo moja linalonisumbua katika msimamo huu, nami nakuwekea wazi. Katika upasuaji fulani wa mshipa mkuu unaotoka moyoni, madaktari huupoza mwili wa mgonjwa hadi nyuzi joto 18 au 20 hivi, wakasimamisha mzunguko wa damu kwa dakika kadhaa, na kipimo cha umeme wa ubongo kikaonyesha mstari mnyoofu. Mgonjwa akipashwa joto huamka, na hakuna familia iliyowahi kukataa kwamba ni ndugu yao. Kwa hiyo kinachotufanya tuwe walewale si fahamu kuwaka bila kukatika. Kama ingekuwa hivyo, tungekuwa tunakufa kila tunapolala usingizi mzito. Kinachobaki katika ubaridi ule ni ogani yenyewe, kiungo kilekile chenye muundo wake, tayari kuwaka tena. Naungama kwamba sijui kueleza kikamilifu kwa nini kiungo kina uzito huo na ramani yake haina. Ninachoweza kusema ni kwamba ramani inaweza kutumika mara mia na kuleta watu mia, na kitu kinachoweza kuleta watu mia hakiwezi kuwa ndicho kinachomfanya mmoja wao awe wewe.

Kwa wasomaji wenye imani ya roho, swali hili lina mlango mwingine, na wanazuoni wa Kiislamu waliuona mapema kuliko Wazungu niliowataja. Ibn Sina, aliyefariki 1037, alituambia tumwazie mtu aliyeumbwa kwa mara moja, akielea hewani, hakioni wala hakigusi kitu, hata viungo vyake havigusani. Mtu huyo, alisema, bado angejua kwamba yupo. Abu Hamid al-Ghazali, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa alichokikamilisha mwaka 1095, alishughulika moja kwa moja na pingamizi linalofanana na lako: kama kilichotoweka kinaumbwa upya, hicho si kurudi kwake, bali ni kuletwa kwa mithili yake. Al-Ghazali hakulidharau pingamizi hilo. Jibu lake ni kwamba anayerudi ni mtu yuleyule kwa sababu nafsi yake imebaki, hata mwili ukiwa mwingine, kwani hata katika maisha haya viungo vyetu hubadilika tangu utoto hadi uzee nasi tunabaki walewale. Angalia jinsi wote wawili, mpingaji na mjibuji, walivyokubaliana kwamba mithili peke yake haitoshi; lazima kuwe na kitu kinachoendelea. Wametofautiana tu kuhusu kitu hicho ni nini. Na anayeamini kwamba roho hutoka kwa Mungu hana sababu ya kudhani kwamba mashine inayopanga atomu imeihamisha.

Kuhusu uwezekano wenyewe, usiiache habari uliyoisoma ikunyime usingizi. Ramani kamili ya neva za mnyoo mdogo mwenye nyuroni 302 ilichapishwa mwaka 1986, na ya ubongo mzima wa inzi wa matunda aliyekomaa, wenye nyuroni 139,000 na zaidi kidogo, ikatoka 2024. Ubongo wa binadamu una nyuroni zipatazo bilioni 86. Tena ramani ya mnyoo yule, pamoja na umri wake wote, peke yake haijatosha kueleza kila anachokifanya. Na fizikia ya kwanta, yaani sayansi ya chembe ndogo kabisa, ina kanuni, iliyothibitishwa kihisabati mwaka 1982, kwamba hali ya kikwanta isiyojulikana haiwezi kunakiliwa huku ya awali ikibaki ilivyo, ingawa sidhani kwamba nafsi zetu zinategemea undani wa kiasi hicho.

Turudi kwa Doto. Tuseme lilikuwa limewezekana, naye alinakiliwa mwaka mmoja kabla ya kuugua. Umeona kwamba tangu mwanzo namwita nakala "yeye", kwa upatanisho wa mtu na si wa kitu. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Padri Alexis Kagame wa Rwanda, katika kazi yake ya 1956, alionyesha jinsi ngeli za lugha zetu za Kibantu zinavyomweka mtu mbali na kitu, kwa kigezo cha akili. Aliyetoka katika mashine ile angekuwa na akili, huzuni na aibu. Angekupenda. Kumwita bandia kungekuwa dhuluma, na sioni kwa nini asirithi nafasi katika nyumba yenu. Lakini fikiria angefanya nini siku ya mazishi. Angekaa nawe mkekani. Angeuliza Doto alisema nini usiku wa mwisho, kwa sababu yeye hakuwapo; na wewe uliyekuwapo ndiye ungemsimulia. Angelia kwa kumpoteza ndugu. Mtu hawezi kuwa mfiwa na maiti katika msiba mmoja. Ungekuwa umempata ndugu wa tatu, na Doto bado angekuwa kaburini.

Kwa hiyo waliokuambia kwamba Doto hajafa maadamu wewe upo wamekuambia jambo ambalo hata nakala mwenye kila kumbukumbu ya Doto asingeweza kulitimiza. Huna wajibu wa kulitimiza wewe, ambaye una kumbukumbu zako mwenyewe.

Na bibi. Humdanganyi. Kudanganya ni kutaka mtu aamini uongo, na wewe unapoitika unataka tu asibaki akiita bila kuitikiwa. Mlipokuwa watoto, nadhani aliwakosea mara nyingi, na aliyeitwa kwa jina la mwenziwe alikwenda, akapokea alichotumwa, kisha akasema, "Bibi, mimi ni Kulwa." Fanya vivyo hivyo sasa. Akisema anajua, mwache. Akiuliza Doto yuko wapi, mwambie, na umkalie karibu.